Kipande Namba Mia Saba na Nne

Sisi watu wa Zagłów, mji wa makaa ya mawe, hatujui kusifu. Mtu akifanya jambo jema tunamwambia si haba, naye anaridhika. Kwa hiyo ukisikia mji mzima ulimsifu Rajmund Skupin kwa miaka kumi bila kuchoka, ujue jambo lenyewe lilionekana kubwa. Ujue pia kwamba kila aliposifiwa, Rajmund alitazama sahani yake.

Alikuwa namba tisa wa Górnik, timu ya mgodi. Mbio hakuwa nazo, na chenga zake zilikuwa zilezile mbili tangu utotoni, lakini ndani ya boksi hakuwa na mfano. Mabeki walimtukania mama, wakamkanyaga vifundo vya miguu, wakamvuta jezi. Yeye kimya, anangoja kosa lao moja tu. Mpira ukidondoka, keshafika. Msimu wake wa pili alifunga mabao kumi na tisa, na akina mama wa sokoni wakawa wanamchagulia kabichi kwa mikono yao wenyewe, heshima ambayo padri wetu hakuipata.

Siku zile serikali ilisema hakuna mtu katika nchi yetu anayelipwa kwa kucheza mpira. Kila mchezaji alikuwa na kazi yake, kwenye karatasi. Kwenye karatasi Rajmund alikuwa mchimba makaa katika kikosi cha msimamizi Konrad Wita, kipande namba mia saba na nne. Kipande ni kisahani cha shaba chenye namba. Unakichukua ubaoni unaposhuka, unakirudisha unapopanda, na ofisi ikitupia jicho ubao inajua nani yuko chini. Kipande cha Rajmund kilichukuliwa na Wita kila siku, kikashinda mfukoni mwake, jioni kikarudi. Mgawo wake wa makaa waliuchimba wenzake sita, juu ya mgawo wao. Hawakununa. Jumapili walisimama nyuma ya goli wakimpigia kelele, "Skupin, sisi tumekuchimbia! Na wewe funga basi!"

Watu wakicheka, Rajmund naye alicheka, lakini moyoni ilimchoma. Baba yake alikufa mgodini, babu yake pia, na yeye hata harufu ya kule chini alikuwa hajaizoea.

Aliyemwondolea aibu hiyo ni baba mkwe wake, mzee Teofil Gajda. Mzee alikuwa amechimba miaka thelathini, kisha daktari akaona vumbi limemjaa mapafuni, akampiga marufuku kushuka. Mjane, hana kazi, anaishi kwa binti yake Gizela na mkwe wake, anashinda bustanini na sungura. Mwezi mzima hakula vizuri. Siku moja alimvuta Rajmund pembeni, kwenye kibanda cha sungura.

"Kile kipande chako unakifanyia nini?"

"Sikifanyii kitu, baba. Kinalala mfukoni mwa Wita."

"Basi nipe mimi. Mfuko wa Wita haujui kuchimba."

"Na mapafu je? Daktari si amesema..."

"Daktari amesema Teofil Gajda asishuke. Rajmund Skupin hajamkataza."

"Gizela akijua ataniua."

"Gizela anajua niko kwa sungura. We ukimwambia, usiniite baba tena."

Rajmund alipaswa kukataa. Hakukataa, kwa sababu siku hiyo kwa mara ya kwanza alijiona kama mtu anayelipa kitu. Wita, rafiki wa zamani wa mzee, alikonyeza jicho tu. Basi siku mbili tatu kwa wiki Teofil alipenya kwenye tundu la ua, nyuma ya ghala la magogo, akashuka na kikosi kwa kipande namba mia saba na nne. Akaanza kula. Akaanza tena kugombana na redio. Mtu anayejua siri hiyo juu ya ardhi alikuwa mmoja tu, Rajmund.

Ikafika Jumamosi ya mwisho ya msimu. Górnik walikuwa kaskazini kabisa, karibu na bahari, kwenye mechi ambayo sare ingewashusha daraja. Kipindi cha kwanza kikaisha bila bao. Wakati wa mapumziko aliingia Bielas, kiongozi wa klabu, kofia mkononi, uso mweupe.

"Nimepigiwa simu. Mwamba umeanguka kwenye sehemu ya kikosi cha Wita. Walikuwa sita. Wote wamepatikana. Wanne wazima. Wita amekufa, na Hubert Kania. Waokoaji wanafungasha vifaa vyao."

Wachezaji wakainamisha vichwa vyao, na mmoja akafanya ishara ya msalaba. Rajmund aliuliza, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine:

"Ubaoni vimekosekana vipande vingapi?"

"Saba. Lakini cha saba si ndicho chako, Skupin. Na wewe uko hapa unafunga viatu."

Mtu alicheka, kicheko cha hofu, kisha akajuta.

Hapo ndipo pa kusema. Maneno matano yangetosha: mzee Teofil yuko chini kule. Simu ilikuwa ofisini, hatua ishirini. Lakini angeyasema mbele ya wote, na wote wangejua kwamba Skupin alimwachia mzee mgonjwa wa mapafu amchimbie makaa yake. Akajipa moyo. Leo Jumamosi, siku ya kusafisha mabanda; huenda mzee hakwenda. Wale wanne waliotoka wazima wangesema, akajiambia. (Hawakusema, maana walitolewa wamepoteza fahamu, wamejaa gesi, na hakuna aliyetamka neno hadi jioni.) Kocha akapiga makofi. Wakatoka.

Alicheza dakika thelathini na tatu za kipindi cha pili. Hakumbuki pasi hata moja. Anakumbuka kwamba kila mpira ulipotoka nje alijiambia sasa naenda, na kila uliporudi ndani alibaki. Dakika ya sabini na nane ikapigwa kona, rundo la watu likaruka, na mpira ukaingia wavuni kutoka kwake. Wenzake walimkimbilia wamkumbatie. Yeye aliwapita, akapita bendera ya kona, akapita benchi, akaingia ndani ya jengo kwa njumu zake, na alipofika kwenye simu alimnyang'anya karani mkono wa simu, akaupigia mgodi.

"Kuna mtu wa saba! Usikate, nasema kuna mtu wa saba!"

Gari la waokoaji lilikuwa limeshawashwa, liko langoni mwa mgodi. Walirudi chini, na baada ya saa nne walimtoa Teofil, mzima, gogo limemlalia miguu yote miwili. Daktari wa upasuaji alimkuta Rajmund kwenye veranda ya hospitali alfajiri, bado yuko na jezi ndani ya koti. "Tumelazimika kuikata yote miwili," akasema. "Angeletwa saa moja mapema, hata nusu saa, mmoja ningeuokoa." Alisema kwa uchovu tu, hakuwa na maana ya kumlaumu mtu. Kisha akaenda kunawa.

Hadithi ilijitunga yenyewe, na Bielas akaisaidia. Kwamba Skupin, katikati ya mechi, ghafla akili ilimjia kwamba wa saba ni mzee. Kwamba aliacha goli lake, akaacha shangwe, akakimbilia simu kumwokoa baba wa mkewe. Kuhusu kipande, ofisi iliandika kwamba mzee alishuka kuwatembelea rafiki zake. Gizela alipouliza, Rajmund alifungua mdomo ili aseme, akasema, "Ndivyo ilivyokuwa." Gizela alimlilia kifuani. Nani angeweza kumrekebisha mtu anayelia hivyo? Mimi nasema angeweza. Na Rajmund mwenyewe anasema hivyo hivyo.

Alicheza misimu mitatu zaidi. Timu ya taifa ilimwita mara moja, akakaa benchi. Ndani ya boksi alianza kuchelewa. Mpira ulidondoka, naye alikuwa bado anawaza, na mshambuliaji anayewaza hana kazi. Watu walisema ni vifundo vya miguu. Alipotundika viatu hakutaka kazi ya ofisini waliyomwekea. Aliomba kushuka mgodini, kweli sasa, na kipande chake akakichukua ubaoni kwa mkono wake. Mji ukamsifu na kwa hilo.

Kila mwaka, sikukuu ya Mtakatifu Barbara, mlinzi wa wachimba migodi, bendi ya mgodi ikishapita mitaani asubuhi na watu wakishatoka kanisani, nyumba ya Skupin ilijaa. Walikuja wale wanne waliopona, na mjane wa Wita, na majirani. Gizela aliandaa bata, matonge ya viazi na kabichi nyekundu, kisha keki. Na bia ikishazunguka mara ya pili mzee Teofil, kwenye kiti chake cha magurudumu, aligonga glasi na kusimulia.

"Nilikuwa nimeshaaga dunia, jamani. Nimeshamwambia Barbara, mama, fungua. Kumbe huyu bwege huku juu keshafunga goli, na badala ya kucheza ngoma kama wenzake, ananikumbuka mimi!"

"Hukumbuki goli lenyewe, Rajmund?" watu walimuuliza.

"Sikumbuki," alijibu, macho kwenye sahani, nao walisema, mwone, hajisifu hata.

Mara kumi alisimulia hivyo. Mwaka wa kumi na moja, mwezi Novemba, mapafu ya mzee yalikuwa yamechoka, na sote tulijua ni suala la majira hayo ya baridi au yanayofuata. Rajmund alikuwa akimwogesha kila Jumamosi mchana, kwenye beseni kubwa la bati jikoni, Gizela akiwa sokoni. Kazi hiyo hakumwachia mtu. Jumamosi moja alimpaka sabuni mgongoni, kwenye yale makovu ya bluu ya makaa ambayo hayatoki, na mzee akasema:

"Ile sare yangu nataka uichukue wewe."

Rajmund alidhani hakusikia vizuri. Sare nyeusi ya mchimbaji, yenye vifungo vya dhahabu na kofia yenye shungi la manyoya ya ndege, mtu wetu huzikwa nayo. Hapewi mtu.

"Baba, hiyo utavaa wewe."

"Mimi watanizika na suti. Suruali yenyewe ya nini? Sare ivaliwe na mwenye miguu. Ni haki yako, wewe uliyenitoa."

"Siwezi kuichukua."

"Acha maringo."

"Siwezi, baba. Nilijua tangu mapumziko."

Maji yalitikisika kidogo, yakatulia.

"Ulijua nini?"

"Bielas alituambia wakati wa mapumziko. Akasema wamefungasha. Nikajua wewe ndiye wa saba. Nikatoka nikacheza. Dakika thelathini na tatu." Alikuwa amepiga magoti sakafuni, kitambaa cha sabuni mkononi. "Daktari alisema nusu saa ingeokoa mmoja. Niliogopa watu watasema nini. Na nilitaka kufunga. Hilo pia. Nilitaka kufunga."

Pumzi ya mzee Teofil ilikwaruza. Rajmund alingoja kofi, au tusi, na angeyapokea kwa shukrani.

"Lilikuwa goli zuri?" mzee akauliza.

"La goti. Sikuuona hata mpira. Ulinigonga."

"Goti." Mzee aliangalia majini, pale mapaja yake yalipokomea. "Miguu miwili ya mtu, kwa goti." Kisha akasema, "Nifute. Maji yamepoa."

Hakumwambia Gizela. Wiki mbili zile alimsemesha Rajmund yale ya lazima tu, nipe chumvi, funga mlango, na Jumamosi mbili alikubali kuogeshwa na mikono ileile bila kusema neno. Rajmund alikonda. Alitaka mzee apige kelele, avunje kitu, amfukuze, yoyote kati ya hayo, kuliko ule utulivu.

Siku ya Mtakatifu Barbara mzee aliamka mapema, akaagiza aletewe sare, akavishwa yeye mwenyewe, kofia na manyoya yake. Bendi ikapita, misa ikaisha, nyumba ikajaa. Bata akaliwa. Bia ikazunguka mara ya kwanza, ikazunguka mara ya pili, na watu wakaanza kumgeukia Teofil, mmoja wa wale wanne akimchokoza, "Haya babu, tupe ile ya bwege aliyefunga goli."

Mzee aligonga glasi.

"Mara kumi nimesimulia mimi," akasema, "na zote nimekosea. Mwaka huu atasimulia mwenyewe. Simama, mwanangu."

Gizela alikuwa mlangoni na sinia ya keki, anatabasamu, akingoja kusikia tena ile hadithi aliyoipenda kuliko zote. Mjane wa Wita alisogeza kiti ili aone vizuri. Rajmund alimtazama baba mkwe wake, na mzee hakuyaondoa macho, wala hakuyalegeza.

Rajmund akasimama. Akaanza na mapumziko.