Bosi Alinichangia Mshahara Wangu

Bosi wangu alinichangia mshahara wangu mwenyewe, mbele ya umati, na watu wakapiga makofi.

Hata mimi nilipiga. Mikono inapiga, roho inatukana.

Naitwa Dorca, nakaanga samaki kwenye hoteli moja pale Dunga. Wageni wanalipa vizuri. Sisi wa jikoni tulipewa elfu nane kwa mwezi, mkononi, bila karatasi yoyote. Na miezi mingine hata hizo tulizisikia tu.

Dani, nyanya aliyenilea, alipofariki kule Katito, bosi alikuwa amekalia mishahara yangu ya miezi miwili. Nikamwendea.

"Bwana Ogola, nisaidie tu na ile pesa yangu. Nataka kuzika dani."

"Dorca, si unaona vile biashara iko chini? Jikaze. Mimi nitakuja matanga."

Nilirudi jikoni nikalia, nikasingizia vitunguu. Mtu aliyenilea kwa jasho lake, halafu nimzike kwa mikopo ya majirani? Iliniuma sana.

Siku ya mazishi, gari la Ogola likaingia bomani likipiga honi. Kwetu mtu hatoi mchango kimya kimya. Bila maikrofoni ni kama hujatoa.

Akampa simu yake Naswa, mpishi mwenzangu. "Nichukue video poa. Sura yote ionekane."

Naswa akamnong'oneza kitu sikioni. Bosi akatabasamu mpaka jino la nyuma. Mimi nikamchukia Naswa hapo hapo. Kibaraka!

"Huyu Dorca nimemwandika miaka nne!" Ogola akanguruma. "Namlipa elfu kumi na nane kila mwezi, na sijawahi kumchelewesha! Leo nimemletea elfu kumi na sita. Hii si mshahara, si deni. Ni mchango, imetoka kwa roho!"

Elfu kumi na sita. Miezi yangu miwili, kamili, kwenye bahasha nyeupe.

"Ero kamano, Jakom!" akina mama wakamshukuru kwa vigelegele, wakimwita mwenyekiti. Kabla jua halijazama video ilikuwa kwenye ukurasa wa hoteli.

Jumatatu Naswa akaniambia, "Enda ofisi ya leba." Nikamwangalia vibaya, lakini nikaenda.

Afisa alikuwa mama mmoja mtulivu, Rehma. Akaniuliza kama nina barua ya kazi. Sina. Stakabadhi ya mshahara? Sina. Nikaona nimepoteza nauli. Nikamwambia basi aangalie ile video. Akaitazama, halafu akamwita bosi.

Ogola alikuja akinukia marashi. "Madam, huyu ni kibarua wa siku moja moja. Mshahara wa mwezi na Dorca wapi na wapi?"

Rehma hakubishana. Akabonyeza simu yake. "Huyu Dorca nimemwandika miaka nne! Namlipa elfu kumi na nane kila mwezi..."

Ogola akatoa kitambaa. "Madam, hiyo ni maneno ya matanga! Kwa matanga si kila mtu hudanganya?"

"Basi mlipe vile ulidanganya."

Akajaribu mlango mwingine. "Sawa. Lakini nitoe ile elfu kumi na sita nilishampa."

Rehma akasogeza video mbele kidogo. "Hii si mshahara, si deni."

"Ulisema imetoka kwa roho, Bwana Ogola. Sasa tutairudisha rohoni na njia gani?"

Nilicheka mpaka nikashika meza.

Alilipa kwa awamu, akinung'unika, miezi yangu yote na upungufu wa miaka minne. Jikoni nzima ikapandishiwa mshahara, maana wote walikuwa wameiona video.

Siku nilipopokea awamu ya mwisho, nilimuuliza Naswa alimnong'oneza nini bosi pale bomani.

Akageuza samaki, hata hakuniangalia. "Nilimwambia, bosi, taja na mshahara unamlipa, watu wajue wewe si mchoyo."

Kumbe kibaraka alikuwa wetu.

Ndugu mwajiri unayesoma hapa, sifa ni tamu, sikunyimi. Lakini lipa watu kwanza, ndiyo ushike maikrofoni.