Bibi Alivyofaulu Fomu

Hapana, Baba mdogo, simwaibishi Bibi. Tangu ushuke kwenye basi la Iringa mchana huu unasema hayo hayo: nyumba ifagiliwe, Bibi aogeshwe mapema, avae gauni la bluu, mgeni wa kesho, yule wa fomu, asije akasema tumemtupa mama yenu. Nimekusikia. Ila safari ya kwanza tulifanya hivyo hivyo, na aliyefanya kwa bidii kuliko wote ni mimi, kwa hiyo naandika hapa ilivyokuwa, uje usome ukitaka.

Nilikuwa darasa la sita. Ulikuwa mwezi wa saba, ile baridi ya Mafinga ambayo maji ya ndoo yanakung'ata vidole, na nyumba yote ilinuka maranda ya misonobari, kwa sababu tulipikia jiko la maranda na Mama alirudi nayo kichwani kutoka kiwandani alikokuwa akipanga mbao. Baba alishafariki. Bibi, mama yake Baba, alikuwa amepata kiharusi, na mkono na mguu wa kulia havikumsikia tena. Mama alitoka saa kumi na mbili asubuhi, akarudi jua linazama, na katikati hapo Bibi alikuwa na mimi tu. Siku nyingine nilienda shule, siku nyingine sikwenda. Mwalimu akanionya: ukiendelea hivi unarudia darasa. Ndipo kanisani wakatangaza kwamba dada mmoja atapita na fomu, aangalie kila mzee anahitaji kusaidiwa kiasi gani, halafu wapange mama wa kuja nyumbani kumhudumia, na siku ngapi kwa wiki.

Kwangu mimi, kitu chenye maswali na alama kilikuwa mtihani, na mtihani unafanya ili ufaulu. Nani angenieleza tofauti? Wiki nzima nilimfundisha Bibi. Nilimwekea kikombe cha plastiki mkono wa kushoto, nikampeleka kutoka kitandani mpaka mlangoni ameshika ukuta, nikihesabu hatua kwa sauti. "Bibi, leo siku gani?" "Siku ya wewe kunisumbua." "Bibi, jibu vizuri!" Akacheka upande mmoja wa mdomo, akajibu. Usiku wa kuamkia siku yenyewe nililala nikiomba asikosee.

Dada wa fomu alikuja saa nne, na Mama alikuwa ameomba ruhusa kazini. Tulishapiga deki. Bibi amekaa kwenye kiti amevaa gauni la bluu, ananukia sabuni. "Kamwene," akamsalimia, kwa Kihehe chake kile kizito, na kabla mgeni hajafungua mkoba akamimina chai kwa mkono wa kushoto, maana kwake mgeni hawezi kuanza kuuliza mambo hajanywa kitu. Hakumwaga hata tone. Chupa niliijaza nusu tu makusudi, na mpini nikaugeuzia mkono wake wa kushoto. Dada akaandika. Kisha akauliza, "Chooni anaenda mwenyewe?" Mama akainamia sakafu. Mkwe hasemi habari za choo za mama mkwe wake mbele ya mgeni, hata aulizwe mara kumi. Bibi naye akaangalia dirishani. Nikaona tunapoteza alama, nikapaza sauti: "Anaenda mwenyewe! Na kuoga anaoga mwenyewe!" Ndoo yake ya haja nilikuwa nimeimwaga mimi, saa mbili kabla.

"Hongera, Bibi, uko vizuri," dada akasema, akafunga fomu. Mimi nilirukaruka mpaka kwenye migomba.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Mzee wa nyumba ya tatu alipata mama wa kuja siku tano. Sisi hatukupata hata moja. Wameandika Bibi anajimudu. Mama hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alikaa tu na ile karatasi, maranda yanamdondoka begani. Mwezi uliofuata nilienda shule kufanya jaribio la hesabu, Bibi akataka kunawa, akainyanyua birika jikoni kwa mkono ule ule niliomfundisha kuutumia, maji ya moto yakammwagikia. Alikaa chini na mguu ulioungua mpaka niliporudi saa nane. Hakupiga kelele kwa sababu, aliniambia, hakutaka majirani waingie wamkute vile. Kuanzia hapo mwaka ule sikutoka nyumbani, na darasa la sita nilirudia.

Leo nimemaliza fomu foo, nimepata chuo Mbeya, na mwezi ujao naondoka. Mama bado anapanga mbao. Bibi hata mlangoni hafiki tena bila kushikwa, na kovu la mguuni linamwasha kila baridi ikiingia. Ile safari sikujua fomu inauliza nini. Kesho dada wa fomu anarudi kuuliza upya; sasa najua, na wewe, Baba mdogo, unataka tuijibu vile vile.

Jioni hii nimemuuliza mwenyewe, kwa sababu choo ni chake na aibu ni yake. Nimemwambia, "Bibi, nataka yule dada akuone kabla sijakuandaa. Akuone ninavyokuinua." Amekunjakunja pindo la shuka kwa vidole vya kushoto.

"Aje peke yake," amesema. "Na mlango ufungwe. Baba yako mdogo akae nje na simu yake."

"Na gauni la bluu?"

"Nitavaa akishaandika. Na chai nitammiminia kama safari ile."

"Chai namimina mimi, Bibi."

Amenitazama kwa hasira kweli, kisha akageukia ukutani. Hajakataa.

Kwa hiyo kesho sifagii. Saa kumi na mbili, kabla sijawasha jiko, nampigia yule dada: usije saa nne, njoo sasa hivi. Atakuta ndoo palepale ilipo. Akiuliza swali lile, na Mama akainamia sakafu, najibu mimi.