Nukta Nyeupe ya Mzee Yuma

Kamyo ya yaya Donat, kaka yangu wa heshima, ilitoka na shaba siku ambayo ilikuwa garaji, juu ya mawe, haina hata gurudumu moja.

Picha ilikuwepo. Ni mimi niliyeisoma.

Binti yangu Zabibu siku hizi anafunga kamera hapa Lubumbashi, zile zinazosoma zenyewe plaki, vibao vya namba za magari, na kompyuta inajaza namba. Juzi ananiambia, "Papa, programu haidanganyi."

Nikaweka kikombe cha chai chini. Acha niseme leo, nimebeba vya kutosha.

Mwaka 1979. Zaire ile ya chama kimoja, ya "citoyen" huku na "citoyenne" kule, yaani kila mtu ni raia. Nilikuwa kijana wa Kampemba, nimepata kazi kwenye kampuni moja ya shaba. Jina silitaji.

Shaba ilikuwa inaibwa vibaya. Wakaleta Mbelgiji, akafunga kamera mbili mlangoni: moja ya kuingia, moja ya kutoka. Kamyo, lori la shaba, ikikanyaga mpira uliolazwa chini, tcha! Plaki imepigwa picha.

Programu ilikuwa mimi. Nasafisha filimu, nasoma namba kwa kioo cha kukuzia, natoboa kadi, naipa ordinateri, kompyuta ya siku zile. Kamyo ikitoka bila ruhusa, jina la dereva linatoka kwenye karatasi.

Kazi hiyo nilitafutiwa na Donat mwenyewe. Alikuwa dereva, mtu wa Katuba, Mkatoliki asiyekosa misa. Kwenye karatasi za kazi aliitwa Ngosa, maana majina ya kizungu yalikatazwa. Sisi tulimwita Donat vilevile.

Siku moja karatasi ikatoka: plaki 4717, imetoka imejaa shaba, haina ruhusa. Donat.

"Kamyo yangu ilikuwa garaji, vitesse imevunjika, gia haziingii!" alilia. "Muulize chef!"

Chef wa transport, mkuu wa magari, citoyen Mutale, akanyoosha kola ya abakosti yake, lile koti la chama. "Garaji haina karatasi ya hiyo kamyo. Na mashini haisemaka bongo."

Yaani haidanganyi. Wakamfunga.

Mkewe Germaine akanijia nyumbani, macho yamevimba. "Abibu, mudogo wangu, ni weye ulisoma. Angalia tena. Donat haiko mwizi."

Nikaangalia tena. Bora nisingeangalia.

Kwenye kona ya plaki kulikuwa na nukta nyeupe.

Nukta ile naijua toka utoto. Baba yangu, Mzee Yuma, alikuwa mchora plaki sokoni Kampemba. Kila akimaliza moja anasema alhamdulillahi, anachovya ncha ya brashi, anagusa kona. Ndiyo ilikuwa sahihi yake. Plaki za kamyo zetu zilipigwa kwa mashine ndani ya kampuni, hazikuwa na nukta.

Kwa hiyo ile haikuwa kamyo ya Donat. Ilikuwa nyingine, imevaa namba yake.

Jioni nikamuuliza baba kwa ujanja. "Papa, ulishafanya plaki ya kamyo ya kampuni, 4717?"

"Njo, nilifanya. Chef Mutale alileta karatasi, iko na tampon, muhuri ya kampuni. Alisema ya zamani ilivunjika. Juu ya nini unauliza?"

"Hapana kitu, Papa."

Nikisema, Donat anatoka. Lakini plaki bandia ilikuwa na mkono wa baba, mzee wa kifua kibovu, na karatasi ya Mutale ingepotea kama ile ya garaji. Wangemchukua yeye kwanza. Niliogopa, basi. Sina neno lingine.

Kesho yake saa sita wenzangu wakaenda kula bukari, ugali wetu. Nikachukua wembe, nikaikwangua ile nukta kwenye filimu. Haikuchukua hata dakika.

Nikamwambia Germaine, "Nimeangalia, yaya. Ni plaki yake."

Alinishukuru. Alinishukuru, jamani!

Siku ya hukumu picha ilikuzwa, ikawekwa mezani kwa hakimu. Nimekaa mbele kama shahidi. Mara nasikia sauti nyuma.

"Mukubwa, ile plaki ni miye nilifanya."

Baba! Kumbe Germaine alimwendea kulia, akamtajia namba, mzee akaunganisha mwenyewe.

"Chef Mutale njo alinituma. Angalia kwa kona, iko nukta yangu. Plaki zangu zote ziko na nukta."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Hakimu akachukua kioo. Akaangalia. Akaangalia tena.

"Mzee, hapa haiko kintu."

Watu wakacheka. Mutale alicheka kuliko wote.

Baba akaomba aione. Aliinama juu ya picha muda mrefu, mtu aliyepaka rangi miaka thelathini. Kisha akainua uso. Hakumtazama hakimu, alinitazama mimi.

Neno lake moja tu lingetosha kunitaja. Filimu zote zilipita mikononi mwangu, na yeye alijua.

"Macho yangu imezeeka, mukubwa," alisema. "Unisamehe."

Donat alipewa miaka nane. Alifia gerezani mwaka wa tatu. Germaine alirudi kaskazini kwa wazazi wake, na mimi hata kumsindikiza nilishindwa.

Baba hakuniuliza kamwe. Aliendelea kuchora plaki mpaka kifo chake, ila toka siku ile hakuweka nukta tena. Akimaliza, anaosha brashi.

Zabibu mwanangu, ni kweli, mashine haidanganyi. Lakini uliza nani alibaki nayo peke yake saa ya chakula.

Na wewe unayesoma: ukimficha mzazi wako kwa uongo, siku moja naye atalazimika kukuficha wewe, na asiye na kosa ndiye atakayezikwa. Mimi nimelijua hilo miaka arobaini, halijanisaidia kitu.

Yaya Germaine, kama uko hai: nukta ilikuwepo.