Ufito wa Mjomba Magesa

Nilipokuwa mtoto pale Bukima, nilikuwa mrefu kuliko wenzangu wote, na mzuri pia, msinibishie. Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe ndiyo iliniacha. Ila urefu ule ndio uliotaka kunizika.

Mjomba Magesa alikuwa fundi wa sanamu. Kanisani walimwomba Mtakatifu Ana, bibi yake Yesu, ukubwa wa mtu kabisa. Akaanza na kadogo ka udongo, ka kiganja kimoja, akachukulia sura ya Bibi yetu, yaani mama yake mzazi. Bibi alikapenda. Alikuwaga anakaweka dirishani na kukasalimia asubuhi: "Umeamkaje, mwenzangu?"

Shida ilianza kwa mkubwa. Mjomba alifunga miti kwa waya, ikawa mifupa ya kushikilia udongo, halafu akamjia Bibi na ufito mkononi.

"Mama, simama nikupime. Nikikosea punje kwa huyu mdogo, kwa mkubwa inakuwa kiganja kizima."

Bibi alicheka, ila hakusimama. "Anayepimwa kwa ufito ni maiti, we Magesa. Jeneza langu una haraka nalo gani?" Akabeba ndoo yake, akaenda ziwani.

Mjomba akanigeukia. Nilikuwa nalingana na Bibi. Mimi tena, kuitwa mbele? Nilisimama kama askari wa gwaride. Akakata alama kwa kisu kwenye ule ufito: goti, kiwiko, bega, utosi.

Bibi aliporudi akaziona. "Za nani hizi?"

"Zangu, Bibi!" nilijibu kwa majivuno.

Hakucheka tena. Maji aliyaacha mlangoni.

Tangu hapo nikaanza kushuku. Nilimshuku Mjomba: mbona kila jioni anamfunika yule mwanamke wa udongo kwa shuka bichi? "Asikauke akapasuka," alisema. Wapi! Mimi nilishaona maiti inavyofunikwa. Nilipokohoa nilishuku kifua changu. Na wiki ileile homa ikanilaza. Bibi alinipa dawa ya zahanati, lakini macho yake yalikuwa kwenye ule ufito uliochomekwa kwenye paa la banda.

Asubuhi moja, nikiwa mkekani uani, nilimwona akiuchomoa. Akamsimamia Mjomba mbele.

"Nipime."

"Mama, si ulikataa? Vipimo ninavyo tayari."

"Pitisha kisu kwenye alama zilezile. Halafu useme kwa mdomo wako: huu ni wa Mama. Huyu mume wangu mdogo mwachie urefu wake."

Mjomba alitaka kucheka, akamtazama, akaacha. Akapitisha kisu. Akasema.

Homa ikaniachia. Ni dawa, najua. Sijasoma lakini si mjinga. Sanamu ikatolewa kalibu, ganda la kuiga umbo lake, ikamwagwa saruji, ikasimama kanisani na uso wa Bibi na mikono yangu. Bibi hakuumaliza mwaka ule. Fundi wa jeneza alipoomba kipimo, Mjomba aliingia bandani, akatoka na ule ufito, akampa.

Leo naendesha bodaboda Musoma mjini, na anayenizidi bado hajazaliwa. Nikitaka suruali nampelekea fundi ya zamani, apimie hiyo.

"Kaka, unaogopa futi kamba?" huwa wananitania.

"Umbo kama hili halipimiki," nawajibu, wanacheka.

Sijui kama naamini. Kipimo changu anacho Bibi, amelala nacho. Sioni sababu ya kutoa kingine.