Salamu Alizobeba Tersilla

Tersilla Bavastro alikuwa fundi wa magodoro, na hapa Rosario sisi watu wa pwani ya Genova hatukumwita mwingine. Alikuja asubuhi na ubao wake wa misumari, akafumua godoro uani, akachambua manyoya ya kondoo mpaka yakawa kama povu, kisha akashona upya. Kazi ilichukua siku nzima na mwenye nyumba alimpa chakula cha mchana. Mimi nilikuwa namshikia kitambaa asije akakishona kombo. Haya ninayosimulia nimeyapata kwake, na mengine kwa Iride, mshona makoti aliyekaa mtaa wa nyuma ya stesheni.

Tersilla alipanda meli Genova mwaka wa ishirini na sita, baada ya kumzika baba yake. Kaka yake Amedeo, aliyekuwa mwoka mikate Buenos Aires, alikuwa amemtumia tiketi. Meli iliitwa Contessa Ildegarda. Ilikuwa nzuri enzi zake, na bado ilikuwa na vioo vya rangi kule juu kwa matajiri, lakini toka siku ya pili iliinama upande wa kushoto. Haikuinama sana. Ungeijua kwa supu, ambayo kwenye meza za daraja la tatu ilikaa upande mmoja wa sahani.

"Makaa yamelalia upande mmoja," baharia alisema. "Yatajipanga yenyewe."

"Usiyaguse, mwanangu," akamjibu Ottorina, mama mnene wa Veneto aliyelala chumba kimoja na Tersilla. "Supu yote inakuja kwangu. Nani mwingine amewahi kunijali hivi?"

Watu wakacheka. Siku zilivyokwenda meli ikainama zaidi, nao wakazidi kuizoea. Walitembea na mkono mmoja ukutani bila kujua kwamba wanafanya hivyo. Watoto walikuwa wanaachia machungwa kwenye ukumbi na kuyakimbilia yanakoishia. Tersilla alisema kilichomtisha siyo ule mwinamo. Siku moja alitazama msururu wa watu wanaosubiri mkate akaona wote, wakubwa kwa wadogo, wamesimama wameegemea upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na wanapiga soga tu.

Baadaye bahari ikamchafua tumbo, akawa analala mchana kutwa. Ndipo alipomjua mwenzao wa tatu chumbani, Bi Delfina Rebora. Alikuwa mama mwembamba, na vidole vyake vilikuwa vimejikunja kwa maradhi, kama makucha ya ndege. Wengine walipokwenda juu kuota jua, yeye alibaki. Aliketi kitandani karibu na bomba lililopita ukutani, ameinamisha kichwa, kama mtu anayesubiri mlango ubishwe.

Tersilla naye alisikia. Ngo. Kimya. Ngo-ngo. Halafu krrr, kama chuma kinaburuzwa polepole.

"Umesikia?" Delfina akauliza.

"Nimesikia. Ni nini hicho?"

"Maji ya moto yanakuja."

Tersilla akafurahi, akauliza ndoo iko wapi. Delfina akacheka mpaka akakohoa. "Siyo yako, binti yangu. Ni ya madobi."

Akamweleza. Alikuwa amefua nguo kwenye meli hii hii miaka mingi, chini kabisa, ukuta kwa ukuta na matanuri. Mchochea moto kabla ya kuachia mvuke hugonga bomba kwanza, ili wanawake watoe mikono kwenye mapipa. Na mchochea moto wa upande wa pili wa ukuta alikuwa mumewe, Gaetano.

"Melini wanaume wanalala mbele, wanawake nyuma," alisema. "Kwa hiyo ndoa yangu ilikuwa hapa." Akalipapasa bomba. "Yale mapigo matatu ni ya kazi. Huko kuburuza mwishoni ni kwangu mimi. Salamu. Nyumbani hakuwa mtu wa maneno, wala wa mchezo. Huku, kila siku alinisalimu."

"Na sasa yuko zamu?"

"Sasa amekufa. Mwaka juzi, bandarini Buenos Aires. Bomba lilipasuka, mvuke ukamchoma. Mimi nilikuwa nimeshaachishwa kazi kwa ajili ya hivi vidole. Walimjua kwa kibati cha namba shingoni, maana uso haukuwapo tena."

Tersilla aliniambia alitamani kutoka. Bomba likagongwa tena, vilevile. Delfina akatoa kijiko mfukoni, akagonga mara moja, akakiburuza kwenye chuma. Palepale, kabla hajakishusha, likajibu: krrr.

Ottorina aliposimuliwa alipiga kofi pajani. "Hewa hiyo! Tumbo la mume wangu likipata maharage linagonga hivyohivyo, na mwenyewe yu hai." Lakini kesho yake alikunja shuka zake akahamia kwa wanawake wa chumba cha pili, akisema ni kwa ajili ya joto.

Tersilla akamwuliza yule baharia kuhusu bomba. Baharia akaja, akaliangalia, akakuna kichwa.

"Hili tulilikata, dada. Sehemu ya kufulia imefungwa toka ile ajali. Halina maji, halina mvuke, halina kitu ndani."

"Lakini linagonga."

"Meli kuukuu hii. Kila kitu kinagonga." Akaondoka haraka, na tangu siku hiyo hakuwatania tena mezani.

Ungedhani Tersilla naye angehama. Hakuhama. Alisema hofu ilikuwapo, ndiyo, lakini Delfina alikuwa anatengeneza nywele zake kila asubuhi kabla ya pigo la kwanza, na hilo lilimfanya aone haya kumwacha peke yake. Delfina alikuwa anakwenda Rosario kwa binti yake, Iride. Binti ndiye aliyenunua tiketi. Aliandika barua fupi tu: Mama, njoo, kuna jambo la kukwambia uso kwa uso. "Atakuwa ameposwa," alisema Delfina. "Anaogopa nitauliza kijana anakunywa kiasi gani."

Walikuwa hawaioni bado pwani ya Brazili, lakini ndege wake walikuwa wameshafika, siku mambo yalipotokea. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, jua kali, bahari imelala kama mafuta kwenye sufuria. Meli ikatikisika kutoka nyuma, mara moja tu, kama mtu aliyevutiwa kiti. Kisha mashine zikanyamaza.

Tersilla alisema ukimya ule ulikuwa na uzito. Watu walitoka vyumbani, wakaulizana, wakarudi ndani. Maofisa walipita wakitabasamu na kusema ni hitilafu ndogo, kila mtu akae mahali pake. Kule juu muziki ukaanza. Mwanaume mmoja alisimama mlangoni kwake na sabuni nusu ya uso, wembe mkononi, akamwuliza Tersilla kama kuna habari. Aliposikia hakuna, akaingia kumalizia ndevu. Sahani zilizokuwa mezani zikaanza kuteleza, moja baada ya nyingine, zikadondoka, na hakuna aliyeziokota.

Tersilla akamshika Delfina mkono akamvuta ngazini mpaka juu. Ottorina walipishana naye, anashuka.

"Unakwenda wapi wewe?" Tersilla akamwuliza.

"Nimesahau mashuka yangu mapya! Nakuja, nishikie nafasi!"

Alimshikia. Ottorina hakuja.

Kufikia hapo sitaha ilikuwa imelala kama paa la nyumba. Boti za upande mmoja hazikuweza kushuka, zilikwama kwenye ubavu wa meli. Zile za upande wa pili zilikuwa zinajaa, na sasa watu walikuwa wameanza kulia. Pale waliposimama palikuwa na dohani pana, ile ya kuingiza hewa kule chini kwa wachochea moto. Ndani ya dohani ile sauti ikapanda, wazi, bila haraka. Ngo. Ngo-ngo. Krrr.

Delfina akageuka. "Hajaambiwa," alisema.

"Nani?"

"Yupo kazini, na hajaambiwa kwamba watu wanatoka."

"Bi Delfina! Wewe mwenyewe ulisema amekufa!"

"Ndiyo. Ndiyo maana hakuna atakayekwenda kumwambia."

Tersilla alimkamata mkono wa gauni kwa nguvu zake zote, na mikono ya fundi magodoro si ya mchezo. Delfina akamfungua vidole kimoja kimoja kwa vile vyake vilivyopinda, taratibu, kama anamfungua mtoto.

"Ukifika, mtafute Iride wangu, mshona makoti, nyuma ya stesheni ya Rosario. Mwambie mama yake amepitia kwa baba yake."

Akashuka. Watu walikuwa wanapanda kwa kusukumana, lakini ngazi ile walimpisha, mmoja baada ya mwingine, bila hata kumtazama. Kichwa chake, na nywele alizozitengeneza asubuhi, ndicho kitu cha mwisho Tersilla alichokiona. Baharia mmoja akamnyanyua kiunoni akamtupa kwenye boti.

Baadaye walionusurika waliambiwa kwamba huenda kulikuwa na wachochea moto waliofungiwa kule chini, na ndio waliokuwa wanagonga. Huenda. Tersilla hakubishana na mtu juu ya hilo. Kwenye boti aliweka kiganja kwenye mbao akasubiri, mpaka Contessa Ildegarda ilipolala kabisa na bahari ikajifunga juu yake. Hakusikia kitu.

Meli ya kubeba nyama iliwaokota. Bandarini Amedeo alipita mbele ya dada yake mara mbili bila kumtambua, kwa jinsi alivyokuwa amesimama, ameegemea upande. Akakaa kwa kaka yake mpaka aliposhika nguvu, kisha akapanda treni kuja Rosario.

Iride alifungua mlango na sindano mdomoni. Alikuwa ameshaliona jina la mama yake gazetini, na alikuwa amevaa nyeusi. Akamkaribisha, akampa kiti, akampa mate ya moto, ile chai ya majani ya nchi hii. Tersilla akaona afikishe salamu mara moja kabla hajalia.

"Nilikuwa naye mpaka mwisho," alisema. "Amesema nikwambie kwamba amepitia kwa baba yako."

Iride akaitoa sindano mdomoni, akaitazama. Akawa mweupe kama ukuta.

"Baba," aliita, si kwa sauti kubwa. "Njoo usikie."

Pazia la chumba cha ndani likasogea, akatoka mwanaume wa makamo, mabega mapana, mikono yenye madoa meusi ya makaa ambayo hayatoki. Alikuwa Gaetano Rebora.

Tersilla alisema hapo ndipo alipoogopa kweli, kuliko melini.

Hakuwa mzimu. Siku bomba lilipopasuka, Gaetano alikuwa amelewa mjini. Zamu yake alikuwa ameshikiwa na mwenzake, kijana mmoja wa Camogli aitwaye Pilade Sturla, naye alikuwa amevaa kibati cha Gaetano ili isijulikane. Aliposikia mjini kwamba Gaetano Rebora amekufa, Gaetano aliona mlango umefunguka wa kuyakimbia matanuri. Hakurudi melini. Alichukua karatasi za Pilade, alizoachiwa siku ile walipobadilishana kibati, akaja kwa binti yake. Majirani walimjua kama Mzee Pilade, mpangaji. Kumwandikia mkewe aliona haya, na Iride naye hakuthubutu kuliandika jambo kama hilo. Ndipo akamtumia mama yake tiketi, aje aambiwe kwa mdomo.

Gaetano aliyasikiliza yote akiwa amesimama. Kisha akasema, "Hayo mapigo. Yalikuwaje?"

Tersilla akachukua kijiko, akagonga meza. Moja. Mbili za haraka. Akakiburuza kwenye mbao.

Mwanaume akakaa chini.

"Huyo siyo mimi," alisema. "Mimi sikuwahi kuburuza. Mimi nilikuwa nachoka, nalala kwenye makaa. Nilikuwa namwambia yule kijana, hebu mgongee mwanamke wangu asije akaungua. Miaka yote. Aligonga yeye." Akakisogeza kijiko kando. "Ya kuburuza ni ya Pilade."

"Ulijua kwamba anamsalimu?" Iride aliuliza.

"Nilijua anagonga," alijibu Gaetano.

Iride hakumfukuza, lakini hakula naye meza moja kwa muda mrefu. Tersilla alikusudia kukaa siku chache, akabaki. Walikuwa kama dada na dada, na godoro la kwanza aliloshona nchi hii ni la Iride.

Mwezi wa Novemba Iride aliomba Misa ya mama yake. Padri akauliza kama kuna marehemu wengine wa familia. Iride akamtaja baba yake, Gaetano, aliyefia melini. Angesema nini? Kwa karatasi ndivyo ilivyokuwa. Siku ya Misa jina la Delfina likasomwa, na baada yake la Gaetano Rebora, na Gaetano mwenyewe alikuwa safu ya pili, kofia magotini. Padri akasema, "Raha ya milele uwape, ee Bwana." Tersilla alikuwa kando yake, akamsikia akiitikia pamoja na sisi sote, kwa sauti kavu, "Na mwanga wa milele uwaangazie."

Pilade hakuombewa, kwa sababu kanisa zima lilimwona amekaa pale. Tersilla peke yake alimwashia mshumaa kwenye kona. Msimamizi wa kanisa alipomwuliza ni wa nani, akasema ni wa jamaa mmoja wa melini.

Gaetano aliishi miaka tisa baada ya hapo. Alipokufa alizikwa kwa jina alilokuwa nalo, hakukuwa na njia nyingine. Tersilla ndiye aliyemlipa mchonga mawe, na ndiye aliyekuwa akipeleka maua kila Siku ya Marehemu Wote, mpaka magoti yalipomshinda akanituma mimi. Kaburi ni la tatu kutoka ukutani. Limeandikwa Pilade Sturla, wa Camogli, na chini yake Tersilla aliongeza neno moja: madobi wote wanamkumbuka. Mchonga mawe alimwambia hayo ni maneno matatu. Tersilla akamwambia achonge tu.