Tulivyokarabati nyumba yetu ya kambi ya mkonge Korogwe, na upande ambao mama alikataa uguswe

Wakuu, hamjambo humu ndani?

Mimi ni mwanamke, naishi Handeni mjini, kazi yangu kushona na kufunga mapazia. Humu huwa napita tu kimya kimya nikisoma ya wenzangu. Leo nimeamua kuandika ya kwetu, na sijatia chumvi hata punje. Mama yangu yupo hai, mambo haya ni yake kuliko yangu, nikamwomba ruhusa. Akasema andika, ila usinipambe.

Uzi una urefu kidogo. Mwenye haraka apite, hatutagombana.

Nianze na hii kazi yangu, maana ndiyo iliyonitia kwenye mambo ya nyumba.

Mshona mapazia anaingia mpaka vyumbani kwa watu. Hapa Handeni nyumba nyingi ninazoingia ni mpya. Madirisha ya aluminiamu, dari ya jipsamu, taa za buluu zinazozunguka dari kama ukumbi wa harusi. Sizisemi vibaya, ndizo zinazonilisha. Lakini nikishapima dirisha moja nimepima yote, na nikitoka nje nasahau nilikuwa kwa nani.

Korogwe nako nina wateja. Kuna mtaa mmoja upande wa reli wenye nyumba za zamani, na miaka ya karibuni wenyewe wameanza kuzikarabati badala ya kuzibomoa.

Aisee, nilizipenda zile nyumba.

Kuta nene mpaka kizingiti cha dirisha unaweza kukaa ukanywa chai. Milango ya mbao nzito, mabawa mawili, ikifungwa inatoa sauti moja tu ya kushiba. Baraza pana mbele, na matundu ya hewa juu karibu na dari, kwa hiyo hata jua la mchana likiwaka ndani kuna ubaridi. Kila nyumba ina sura yake.

Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu, alikarabati yake vizuri sana. Sakafu mpya, paa jipya, rangi ya maziwa. Lakini ngazi ya mlangoni ilikuwa imelika katikati, ina kibonde. Nikamwambia, mwalimu, hapa fundi wako amesahau.

"Hajasahau," akasema. "Nilimkataza. Hicho kibonde ni miguu ya mama mkwe wangu na watu wake wote. Nikikiziba nitakuwa nimewafukuza."

Nilicheka. Siku ile niliona ni maneno ya uzee tu.

Basi, nikaanza kuiwaza nyumba yetu.

Kwetu ni nje kidogo ya mji wa Korogwe, kwenye iliyokuwa kambi ya wafanyakazi wa mkonge. Babu yangu mzaa baba aliletwa kutoka upande wa Songea enzi za manamba, vibarua wa mkataba, akakata mkonge mpaka akafa. Baba alizaliwa kambini, akafanya kazi korona, kule mkonge unakochanwa kuwa nyuzi. Shamba lilipokufa, wafanyakazi wakauziwa zile nyumba. Mama yeye ni Msambaa wa Vugiri, aliteremshwa kutoka milimani akiwa bibi harusi, hajahama tena. Baba ametangulia. Mama amebaki pale peke yake.

Tupo wawili tu, mimi na kaka yangu Joeli. Yeye yuko Dar.

Kaka alitaka ile nyumba ibomolewe, mama ajengewe ya kisasa. Mimi nikasimama kidete. Nikampeleka kaka mpaka kwa yule mwalimu, nikamtembeza baraza hadi uani. Akatingisha kichwa, akasema sawa, tukarabati, ila choo kiwe ndani. Mama magoti yake yanamsumbua, kwenda choo cha nje wakati wa matope ni hatari. Hapo hatukubishana.

Akatafuta fundi, kazi ikaanza.

Zile wiki za mwanzo zilikuwa na raha yake. Fundi akikwangua ukuta, chini ya rangi ya njano inatoka ya buluu, chini ya buluu inatoka chokaa. Mama anasogea na fimbo yake, anaweka kiganja pale. "Hii ya buluu tulipaka Joeli alipopata kipaimara." Milango ilipigwa msasa, mbao ikatoka nyekundu kama imekatwa jana. Majirani wakaanza kuja kutazama. Mama akawa anaoga mapema na kujifunga kitenge kizuri kwa ajili ya wageni wa nyumba yake.

Kisha tukafika kwenye shimo la choo.

Fundi akapima, akasema mahali pazuri ni nyuma ya stoo, chumba cha mwisho cha nyumba, chini ya upenu. Ardhi inateremka kule, bomba linakuwa fupi, na kutoka barabarani halionekani.

Mama akasema, "Upande huo hapana."

Kwa nini mama?

"Nimesema hapana."

Nikamuuliza kwa upole, nikamuuliza kwa utani, nikamuuliza tukiwa wawili jikoni. Hapana. Hakutoa sababu na hakupandisha sauti. Kila asubuhi alikuwa akipafagia pale nyuma ya stoo kama alivyofagia siku zote, polepole, akiokota na majani yenyewe kwa mkono.

Niseme jambo hapa. Sisi wakati tunakua tulikatazwa kabisa kucheza upande ule. Tuliambiwa kuna nyoka. Nimekua, nimeolewa, nimezaa, na bado nikipita pale natazama chini.

Kaka akachoka. Yeye ndiye aliyekuwa anagharamia sehemu kubwa, na ana ile hasira ya mtu wa mbali anayeona mambo hayaendi. Akaniambia kwenye simu kwamba mama ameanza ukaidi wa uzee, na kama choo hakichimbwi basi nyumba yote inashuka, tuanze upya kwa ramani yake. Halafu, bila kuniambia, akampigia fundi: chora, chimba, mama nitaongea naye mimi.

Fundi naye kazi ni kazi. Akavuta kamba, akamwaga chokaa.

Jirani akanipigia kwamba nije. Nikaacha mapazia ya watu mezani, nikapanda gari kwenda Korogwe. Nilipofika niliwakuta fundi na wenzake wamekaa juu ya tofali, sururu ziko chini. Mama ameweka kigoda chake katikati ya lile duara la chokaa, amekaa, mikono mapajani.

Nilisema shikamoo, akaitikia marahaba kama kawaida. Nikachuchumaa mbele yake. Simu ikaita, ni kaka. Nikaweka spika.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba."

"Mama, tafadhali toka hapo watu wafanye kazi. Choo ni chako wewe. Mimi ndiye mkubwa katika hii familia, baba hayupo, lazima mtu mmoja aamue."

Mama akasema, sauti ile ile ya siku zote:

"Joeli, wewe si mkubwa. Mkubwa yuko hapa nilipokaa."



Tulikuwa tunasikia tu magari ya Dar yakipita kule aliko kaka. Fundi akainuka taratibu, akawaambia wenzake waende mbele ya nyumba.

Mama akanisimulia nikiwa nimekaa chini pale pale kwenye chokaa, simu iko wazi, kaka anasikia kila neno. Alikuwa msichana tu, hana muda tangu ateremke kutoka Vugiri, kambi nzima hajui mtu. Akajifungua mtoto wa kike. Mtoto akakaa siku chache, akakataa kunyonya, akafa. Alikuwa hajabatizwa, hata nje alikuwa hajatolewa. Kwa mtoto wa namna hiyo, pale kambini hakukuwa na msiba wala kaburi la makaburini. Baba alichimba mwenyewe chini ya upenu, wanawake wakazika, mama akiwa ndani hawezi kusimama.

"Wakaniambia nisilie," akasema. "Nikilia nitafunga tumbo, sitapata mwingine. Nikanyamaza. Akaja Joeli, wakaniita Mama Joeli, na mimi nikaitika."

Nikamuuliza alikuwa anaitwa nani.

"Hakupewa. Jina lilikuwa likisubiri ubatizo."

Nililia, sifichi. Nililia kama mtoto, na mama ndiye alikuwa ananipapasa mgongo. Kwenye simu nikasikia kaka anapenga kamasi, mwanaume wa mvi yule. Alichoweza kusema ni, "Mama, nisamehe, nakuja."

Alikuja. Hakuingia ndani kwanza. Alizunguka nyuma ya stoo, akavua viatu, akasimama. Sijui alisema nini, sikumfuata. Aliporudi akamwambia fundi shimo liende mbele.

Mbele wakuu! Mbele ya baraza langu zuri, ubavuni mwa ngazi, mfuniko wa zege unaonekana hadi barabarani. Bomba limezunguka nyumba nusu nzima. Kila anayekuja kutazama nyumba anasifia milango, anasifia baraza, halafu anauliza kwa huruma ni fundi gani aliwapangia lile shimo. Namwambia tulipanga wenyewe. Mimi niliyekuwa nawafundisha watu uzuri wa nyumba, ndiyo nyumba yetu hiyo, na siionei aibu.

Nyuma ya stoo hatukujenga kitu. Kaka alitaka kuweka msalaba, mama akakataa. Akasema paachwe hivyo hivyo, panafagiliwa.

Alichoomba ni kimoja. Alitaka ile stoo iwe chumba chake cha kulala.

Tulishangaa. Ni chumba kidogo, na tulikuwa tumemtengenezea cha mbele, kikubwa, alicholala na baba miaka yote. Kaka akamuuliza kwa nini aache chumba kizuri.

Akasema, "Zamani mimi na baba yenu tulilala huku nyuma. Mtoto alipozikwa zikaingia mvua, nikawa kila zikinyesha natoka nje na kanga kumfunika. Baba yenu akanihamishia mbele nisizisikie. Sasa nataka kuzisikia."

Masika ya kwanza tangu ahamie nilikwenda kulala kwake. Mvua ikaanza kupiga mabati, maji yakaanza kushuka upenuni, na mimi nikahofia atatoka tena na kanga. Nikachungulia chumbani kwake. Alikuwa amefungua dirisha, amelala ubavu akielekea huko nje, amesinzia.

Hayo ndiyo yangu.

Nilichojifunza: hizi nyumba za zamani tunazipenda kwa milango na kuta zake, tunapiga picha, tunasema zina mvuto. Ule mvuto kuna mtu aliulipia. Kabla hujamwita fundi, kaa na aliyeishi humo muulize ni wapi pasiguswe. Akisema hapana bila sababu, usimharakishe. Mama yangu alikaa na sababu yake maisha yake yote ya ndoa kwa sababu hakuna aliyemuuliza akiwa tayari kungoja.

Picha za milango nitaweka kwa wanaotaka. Ya nyuma ya stoo siweki.

Karibuni mseme na ya kwenu. Na kama kwenu pia mliambiwa kuna nyoka upande fulani wa nyumba, na mama bado yupo, nendeni mkamuulize.