Sinema ya Mwana wa Kinyozi

Wateja walimwita Tulia, maana ndilo neno alilolitumia kuliko yote. Mtu akigeuza shingo, "Tulia." Akianza habari za mpira, "Tulia, nitakukata." Kwa miaka thelathini na moja alinyoa watu katika chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la vipuri na ofisi ya kupiga chapa, na hakumkata mtu hata siku moja. Kilichokata ni ulimi wake. Alimwambia karani mmoja, mbele za watu, kwamba kichwa chake kimekaa kama sufuria iliyoangushwa, na karani akacheka, na baada ya wiki mbili akarudi. Watu walipenda kutukanwa naye, ilimradi kila mtu apate zamu yake.

Mwanawe wa kwanza ndiye asiyecheka. Walikuwa hawajasemezana kwa miaka tisa. Kijana alihama, akajifunza kutengeneza filamu, na habari zake zilimfikia baba kupitia kwa mama watoto. Baba alizisikiliza kama mtu anayesomewa tangazo la kifo cha asiyemjua.

Asubuhi moja aliingia mteja mgeni, mwanamume wa makamo, mpole, akanyolewa ndevu. Kesho yake akarudi.

"Ndevu zipi tena? Si nilizimaliza jana?"

"Wewe pitisha tu, mzee wangu."

Siku ya tatu Tulia aligundua kwamba mgeni huyu akikaa mbele ya kioo hajitazami. Anautazama mkono wa kinyozi. Akambana, na mgeni akakiri: yeye ni mwigizaji, amepewa nafasi ya kinyozi kwenye filamu, na hajui kushika wembe.

Tulia hakusema kwamba amefurahi, lakini siku hiyo alifunga mlango wakati wa chakula cha mchana. Akapuliza puto, akalipaka povu la sabuni, akampa mgeni wembe.

"Nyoa. Ukilipasua, umeua mtu."

Mwigizaji aliua watu sita siku ile. Siku ya pili aliua mmoja. Siku ya tatu puto lilibaki zima, likang'aa, na Tulia akajikuta anapiga makofi. Hakuwahi kumfundisha mtu kazi yake. Mtoto aliyetakiwa kufundishwa alikuwa ameikataa.

Siku ya nne, mwigizaji akiwa amekaa kitini na shavu moja limeshanyolewa, alijaribu jambo. Akakohoa kidogo, akarusha taulo begani, akasema kwa sauti nzito, "Tulia, nitakukata." Ilikuwa sauti ya Tulia kabisa, na kile kikohozi cha asubuhi hakikukosekana.

Wembe ukasimama hewani.

"Hiyo sinema ni ya nani?"

Mwigizaji akashangaa. "Ya mwanao, mzee wangu. Ndiye aliyenielekeza hapa. Nilidhani mmeongea."

Tulia akamfungua kitambaa shingoni. "Toka."

"Upande huu bado..."

"Nimesema toka."

Mwigizaji wa watu akaingia barabarani na ndevu nusu, na wauza vipuri wakamshangilia.

Nyumbani, mkewe alikuwa anakunja nguo. Tulia alimuuliza kama ana habari za sinema hiyo, naye hata hakujisumbua kukataa.

"Nilijua tangu mwaka jana. Aliniuliza rangi ya taulo zako."

"Na wewe ukamwambia?"

"Ningeficha taulo, mzee? Yale mengine yote anayakumbuka mwenyewe."

Yale mengine ni haya. Kijana alipokuwa na miaka kumi na sita alifuga nywele miezi saba, kwa sababu shuleni alipewa nafasi ya mfalme katika mchezo wa kuigiza. Siku mbili kabla ya mchezo, baba yake alimkalisha kwenye kiti cha wateja na kumnyoa kipara. Mfalme akachezwa na mtoto mwingine.

Tulia aliuliza huku na huku mpaka akajua filamu inapigwa wapi. Lilikuwa ghala la zamani nyuma ya kiwanda cha magodoro. Alipoingia, alikuta duka lake. Kioo kilikuwa na ufa kwenye pembe ileile. Benchi la wateja lilikuwa limefungwa waya mguu mmoja. Akatafuta kosa, akalipata: mkanda wa kunolea wembe walikuwa wameutundika kulia, na yeye ni mtu wa mkono wa kushoto. Kosa lile lilimpa nguvu.

Mwanawe alikuwa amekaa mbele ya kijitelevisheni, amevaa visikilizio masikioni. Amenenepa. Alimwona baba yake na hakuinuka.

"Umekuja kuvunja vitu?"

"Nimekuja kuona unavyonitukana."

"Basi simama pale, usipige kelele. Kazi inaendelea."

Wakaanza. Mwigizaji, safari hii ndevu zake zimelingana, alimkamata ukosi kijana aliyeigiza mwana, akamtupa kitini. Akafoka. Akapiga kopo la poda teke. "Katika nyumba yangu!" alipayuka, mishipa imemtoka shingoni. "Katika nyumba yangu!"

Tulia akacheka. Kicheko chake kilijaa ghala zima, na mwanawe akanyanyua mkono kusimamisha kamera.

"Uongo mtupu," Tulia alisema. "Niliwahi kukukamata ukosi mimi? Nilifoka?"

"Hukufoka."

"Basi waambie hawa watu wako! Waambie sikupiga kelele. Nilikuwa napiga mluzi." Alikuwa amepandwa na hasira, na maneno yakatoka bila kupita kwenye fikra. "Nilikufunga kitambaa taratibu kama mteja. Kulikuwa na watu wanne kwenye benchi. Nikawauliza, jamani, huyu bibi harusi nimwanzie wapi? Wakachagua wao. Nikaacha kishungi kimoja katikati, nikakuzungusha kiti wakuone, ndipo nikamaliza. Hakuna aliyefoka pale. Watu walicheka."

Kijana aliyekaa kitini alishika nywele zake bila kujua.

"Ndivyo nilivyoandika mara ya kwanza," mwanawe alisema, sauti yake ya chini. "Kishungi, benchi, mluzi, vyote. Waliotoa fedha wakaniambia niondoe. Wakasema hakuna mtazamaji atakayemwamini baba wa namna hiyo. Baba wa sinema anafoka, anapiga, mwishoni analia, watu wanamsamehe wanakwenda zao. Nikakuwekea kelele ili upate watu wa kukuonea huruma." Akawageukia wenzake. "Haya, mmesikia kwa mwenyewe. Tunarudia. Leteni watu wanne wa benchi."

Tulia angeweza kuondoka. Mlango ulikuwa wazi. Alibaki amesimama na mikono nyuma, akaona yote: kitambaa, swali, watu wa benchi wakipigana mabega kwa kicheko, kiti kikizungushwa. Uso wa yule kijana ulipogeukia upande wake, akatazama sakafuni.

Walipomaliza, alimwendea mwigizaji. "Wembe umeshika vizuri," akamwambia. Kisha akaenda kusimama mbele ya mwanawe.

"Una la kuniambia, baba?"

"La nini?"

"Basi sogea. Umeziba taa."

Filamu ilitoka. Mama watoto aliitazama mara mbili pamoja na dada yake, akarudi akiwa hataki kuongea na mtu. Tulia hakwenda. Baadhi ya wateja wakahama. Waliobaki wakawa wanakaa kitini kimya kama watu wanaosubiri daktari, na yeye mwenyewe aligundua kuwa matusi hayamtoki tena vizuri. Akianza moja, anamwona mtu kwenye kioo akijikaza. Wakimuuliza kama ni kweli, alijibu, "Kweli," akaendelea kunyoa.

Siku moja msafiri mmoja aliyekuwa anasubiri gari lake litengenezwe aliuliza zaidi. "Lakini kwa nini, mzee? Nywele tu?"

Tulia alisuuza wembe, akaufuta, akausuuza tena.

"Zilimpendeza," akasema. "Miezi saba ile watu walikuwa wakiingia dukani kwangu wanamtazama yeye. Anasoma maneno yake ya ufalme pale pembeni, na wateja wananyamaza kumsikiliza. Mimi nina wembe mkononi, naongea, hakuna anayegeuka."

Msafiri alinyolewa, akashukuru, akaenda kuchukua gari lake. Hakumjua mwana wala mama, kwa hiyo neno lile halikufika popote. Mwana anatengeneza filamu nyingine sasa, ya mambo mengine kabisa, na akipiga simu nyumbani anamtaka mama yake.